Majina Saba ya Herufi D

Sumintra alijifungua mtoto wa kike Jumanne, tarehe mosi Oktoba 1957, saa tano na dakika hamsini na mbili mchana. Saa hiyo inajulikana kwa hakika. Balgobin, mumewe, alikuwa ameketi kwenye ngazi na saa ya mkononi aliyoazima kwa jirani, na kilio cha kwanza kiliposikika aliiandika kwa penseli kwenye fremu ya mlango. Dakika nane baadaye king'ora cha kiwanda cha sukari kikalia kuwaita watu kwenye chakula. Maandishi yale ya penseli yalikuwapo mpaka nyumba ilipobomolewa.

Ilikuwa siku ya kawaida ya mavuno. Mpunga ulikuwa umeanikwa kandokando ya barabara, bata wakielea mferejini, na kila mwenye miguu alikuwa shambani. Nyumba yao ilikuwa ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo ndefu kama nyumba zote za upande ule wa mto Berbice, kwa hofu ya maji. Watu walilala juu, lakini maisha yenyewe yalikuwa uvunguni mwa nyumba. Huko ndiko kulikokuwa na jiko la udongo, kinu, na bembea ya gunia iliyofungwa kati ya nguzo mbili.

Mama mkwe, Jasodra, ambaye kila mtu alimwita Mai, alifanya yote yanayopaswa kufanywa. Aliweka kisu chini ya godoro. Aliweka kigae cha makaa kwenye kizingiti cha chumba. Alimpaka mtoto doa la wanja kwenye paji la uso, upande kidogo, ili jicho la husuda likimtazama likute dosari na kugeuka. Sumintra hakuruhusiwa kukivuka kizingiti kile mpaka siku ya tisa. Siku ya tisa mtoto hupewa jina. Shangazi yake ndiye humnong'oneza sikio la kulia, kisha pandit, kuhani wa Kihindu, huliandika. Kabla ya hapo mtoto ni mgeni tu. Mgeni huweza kuaga wakati wowote.

Alhamisi Balgobin akaenda kwa pandit Sewsankar na saa ya kuzaliwa, ili afunguliwe kitabu cha nyota na kuambiwa herufi ya jina. Aliporudi, dada yake Phulbasie alimdaka kabla baiskeli haijasimama.

"Haya, kasemaje?"

"D."

"D tu? Maili sita umekanyaga baiskeli kwenda kuleta herufi moja?"

"Ulitaka anipe gunia zima?"

"Angalau angekutupia na E, tukawa na akiba." Phulbasie akainua uso kuelekea mbao za sakafu. Alikuwa mjane wa miaka thelathini, na ulimi wake haukujua kulala. "Wifi! Umesikia huko juu? Mumeo kaleta D. Kama huitaki, sema tumrudishe kabla jua halijawa kali."

Sumintra alisikia. Hakucheka. Uvunguni, Mai aliacha kugeuza roti, chapati zao za kila siku, juu ya chuma, na harufu ya roti iliyoungua ikapanda mpaka chumbani.

Mai hakuwahi kuunguza roti.

Ilikuwa ni herufi ileile. Miaka mitatu nyuma Sumintra alizaa binti wa kwanza, pandit yuleyule akafungua kitabu kilekile, na Balgobin akarudi na D. Mtoto yule aliishi siku nane. Alikufa mchana, siku moja kabla ya kupewa jina.

Jioni Balgobin akapanda juu na daftari la jalada la buluu alilolitoa kwenye sanduku la bati.

"Hatuna sababu ya kuumiza kichwa," alisema. "Majina tunayo."

Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu wa kunyoosha misumari iliyopinda ili aitumie tena. Sumintra alilitazama lile daftari, na maziwa yakaanza kumkauka kifuani.

"Andika mengine," alisema. "Kurasa zipo."

"Mengine yapi, mama? D ni D."

Akalifungua, akasoma kimyakimya kwa kidole. Drupatie. Dhanmatie. Deokalie. Damyanti. Deorani. Dhanpatie. Yote sita yalikuwa kwa mwandiko wake mzuri wa wino. Chini kabisa kulikuwa na la saba, Dularie, kwa penseli, kwa mwandiko wa Sumintra. Dularie maana yake ni yule anayedekezwa. Balgobin hakukumbuka kuliona jina hilo, wala hakuuliza.

Ijumaa mchana Phulbasie alikaa chumbani na wifi yake, anamlisha haluwa ya manjano na tangawizi na kumchekesha kwa nguvu. Alilichukua daftari, akanyoosha mkono mmoja kama mtu anayehutubia mkutano.

"Jina, wifi yangu, halichaguliwi kwa kusoma. Linachaguliwa kwa kuita. Mtoto atakuwa huko mashambani na mbuzi, wewe uko hapa. Je, jina litafika? Sikiliza." Akajaza pumzi. "Drupatieee!"

Sauti ikajibu, "Abee."

Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike, aliyejifunza kusema juzi tu. Ilitoka chini ya sakafu.

Phulbasie akacheka. "Ona, limefika mpaka kwa jirani. Huyo ni mtoto wa nani amejificha huko?" Akashuka ngazi, anatishia kwa mapenzi kwamba atamvuta mtu masikio. Sumintra alimsikia akizunguka jiko, akizunguka kinu. Aliporudi alikuwa amekunja uso.

"Hamna mtu," alisema. "Ila bembea inakwenda."

Jioni ile mtoto alilikataa titi kwa mara ya kwanza. Balgobin, akilifunga daftari, aliona alama nyeusi mbele ya jina la kwanza. Ilikuwa alama ya kidole.

"Phulbasie, ukishampaka mtoto wanja, nawa mikono. Umenichafulia daftari."

"Mimi? Kidole changu hiki?" Phulbasie akaweka kidole chake juu ya ile alama. Kiliifunika yote, na kingeweza kufunika nne kama hiyo.

Balgobin akalifunga daftari.

Jumamosi Balgobin alisema haya ni mambo ya wanawake, na kwamba mtoto wa jirani anacheza nao. Akasimama dirishani saa sita kasoro, akatazama chini kwenye ua mtupu uliojaa jua, akaita kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeitisha maji:

"Dhanmatie."

"Abee."

Safari hii sauti haikutoka uvunguni. Ilitoka kwenye ngazi. Balgobin aliweza kuziona ngazi zote kumi na mbili kutoka pale aliposimama. Hazikuwa na mtu.

Alifunga dirisha. Akatia komeo.

Mtoto hakulia tena tangu saa hiyo. Alikuwa amelala, macho nusu wazi, miguu baridi kama ya samaki. Sumintra alimkandamiza kifuani. Akamsugua mgongo. Akamkamulia maziwa mdomoni tone baada ya tone, yakamtoka pembeni. Kwenye daftari kulikuwa na alama mbili.

Jumapili hakuna aliyeita jina. Jumatatu, siku ya saba, Phulbasie alijaribu kwa hila. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akapiga magoti karibu na mtoto, akamsogelea sikio, akalitamka jina la tatu kwa pumzi tu, bila sauti. Deokalie.

"Abee," ikajibu, nyuma ya mlango.

Phulbasie alikaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa ushungi.

Mai ndiye aliyeufungua mlango. Alitazama koridoni, akaikuta tupu, akauruka moto wa kigae, akaingia. Alikuwa mwanamke mkavu, mfupi, asiyejua kusoma, na katika miaka sita ya kuishi naye Sumintra hakuwahi kumwona akikaa kwenye kitanda cha mtu. Siku ile alikaa.

"Yule wa kwanza," alinong'ona. "Ulimwita jina lolote?"

"Ulikataza, Mai."

"Najua nilichokataza. Nakuuliza ulichofanya."

Sumintra alitazama mikono yake. "Nilimsomea. Kila siku, siku zote nane. Majina yote saba, nione atalipenda lipi. Lile la mwisho alifumbua macho."

Mai alifumba yake.

"Basi ni yake," alisema. "Yote. Na nyinyi mnayaita juu ya mtoto mwingine. Unafanya nini, ukisikia jina lako linaitwa nyumbani kwenu? Unaitika. Unakuja."

Nje mtu alikuwa anapura mpunga. Mdundo wake ulikuja na kwenda.

Sumintra alikumbuka mchana ule wa mwaka hamsini na nne. Watoto wachanga hawachomwi, huzikwa. Balgobin alimbeba kwenye kisanduku cha mbao kilichokuwa cha sabuni, akaenda naye peke yake ukingoni mwa mfereji, chini ya mlonge. Sumintra alimwangalia kutoka dirishani, kwa sababu siku ya tisa haikuwa imefika na mguu wake haukuruhusiwa kuvuka kizingiti. Aliomba jambo moja tu, mtoto apewe jina kabla ya kufukiwa. Mai alikataa. Kisicho na jina hakililiwi, alisema. Ukikipa jina utakililia mpaka ufe.

"Niliambiwa hivyo na mama mkwe wangu," Mai alisema sasa, kama aliyesikia kinachowazwa. "Mimi nimezika wanne. Wanne, Sumintra. Sina hata namna ya kuwahesabu usiku, maana sijui nianze na nani."

Phulbasie alinyanyua uso kutoka sakafuni. Alikuwa hajui kwamba alikuwa na ndugu wengine wanne.

"Zamani kwetu," Mai aliendelea, "mwanamke aliyefiwa, mtoto aliyefuata alimpa jina baya. La takataka. La kutupwa. Ili huko kwingine wakilisikia wasilitamani." Akafikiri. "Na lazima lianze na hiyo herufi. Lipo moja. Lakini lisitamkwe hewani. Liende kutoka mdomo mpaka sikio."

Akaweka viganja viwili kuzunguka sikio la Sumintra, akalisema. Sumintra akalia bila sauti.

"Na neno jingine," Mai alisema. "Akikuomba umbebe, usimbebe. Anayembeba mtu wa huko, huenda naye."

Jumanne ilikuwa siku ya nane.

Tangu alfajiri mtoto alikuwa anapumua pumzi moja, kisha anangoja. Kila mara alingoja zaidi. Midomo ilikuwa ya buluu. Balgobin alitaka kwenda kumwita daktari wa serikali wa mjini, na akaenda, lakini mji ulikuwa mbali, na yule wa kwanza alikufa saa sita. Kila mtu nyumbani alijua alikufa saa sita.

Saa tano na nusu Sumintra alimweka mtoto mapajani mwa Mai. Akachukua daftari.

"Kesho ndiyo siku yako ya kutoka," Mai alisema.

"Wa kwanza nilimwangalia dirishani."

Mai akanyoosha mguu, akakisogeza kigae cha makaa pembeni, apite.

Ngazi zilikuwa kumi na mbili. Alizishuka moja moja, damu ya uzazi bado inamtoka, mkono ukiwa kwenye nguzo. Nje jua lilikuwa linapasua kichwa. Uvunguni kulikuwa na baridi. Jiko lilikuwa limezimwa, na hewa ilinuka pumba za mpunga na udongo mbichi wa ukingoni.

Bembea ilikuwa inakwenda. Taratibu.

Sumintra alisimama mahali alipo. Akafungua daftari.

"Drupatie," akanong'ona.

"Abee."

"Dhanmatie."

"Abee."

"Deokalie."

"Abee."

Damyanti. Deorani. Dhanpatie. Kila jina liliitikiwa, na kila mwitiko ulikuwa karibu zaidi. Wa mwisho ulitoka usawa wa goti lake. Hakutazama chini. Aliona tu kwamba upindo wa sari yake umevutwa, kama unavyovutwa na mtoto anayejifunza kusimama.

"La saba niliandika mimi," Sumintra alisema. "Baba yako hakulijua. Ulipolisikia ulifumbua macho. Wanakumbuka kwamba ulikuwa mtoto wa kusinzia tu. Mimi nakumbuka ulifumbua macho."

Bembea ikasimama.

"Dularie."

Haikujibu abee. Ilisema, "Mama."

Sumintra aliuma midomo mpaka ikamuuma. "Ni jina lako. Nilikuwa na siku nane za kukupa, nikangoja ya tisa. Nisamehe. Lichukue."

"Na yeye?"

"Yeye nani?"

"Wa juu. Anaitwa nani?"

Jina lile lilikuwa mdomoni mwa Sumintra. Alilimeza.

"Lake halimo humu."

"Zuri?"

"Si zuri, mwanangu. Usingelitaka."

Juu ya sakafu hakukuwa na sauti yoyote. Hakuna kilio. Hakuna hatua. Sumintra alisikiliza pumzi ya mtoto wake wa pili, hakuisikia.

"Nibebe," ile sauti ikasema.

Mikono yake ilinyanyuka yenyewe. Kwa miaka mitatu ilikuwa inangoja kunyanyuka. Akaishika, mmoja kwa mwingine, akaikaza.

"Siwezi kukubeba," alisema. "Naweza kukupakata."

Akajongea mpaka kwenye bembea. Akaketi. Akaacha mapaja wazi, akaweka viganja pembeni, mbali. Akangoja.

Gunia likashuka.

Ulikuwa uzito wa mtoto wa miaka mitatu, si wa siku nane. Ulikuwa wa baridi. Kitu kama kichwa kikalala kifuani pake, upande wa kushoto, na maziwa yaliyokuwa yakimkauka tangu Alhamisi yakamtoka, yakalowesha blauzi. Hakugusa. Alisukuma ardhi kwa kidole cha mguu, bembea ikaenda. Aliimba kitu, au alihesabu, baadaye hakuweza kusema ni lipi kati ya hayo. Anachokumbuka ni kwamba alitaka king'ora kisilie, na kwamba alikuwa anaomba kilie, na maombi yote mawili yalikuwa ya kweli.

Kikalia.

Uzito ukaondoka mara moja, kama mtoto aliyeitwa na wenzake.

Na juu, kupitia mbao, mtoto akapiga kelele. Kelele za njaa, za hasira, za mtu mwenye mapafu. Phulbasie alikuwa anapiga yowe, "Wifi! Wifi, njoo, anamnyonya Mai kidole!" na Mai alikuwa analia kwa sauti, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia kabla wala baada ya siku ile.

Sumintra alipanda ngazi. Mlangoni alilifungua daftari kulitazama mwangani. Alama za wanja zilikuwa saba. Ya saba, mbele ya jina Dularie, ilikuwa bado mbichi.

Siku ya tisa pandit Sewsankar alikuja asubuhi na kitabu chake na shada la maua. Phulbasie, aliyekwishapewa jina mdomo kwa sikio, alimpakata mtoto, akafunika sikio la kulia kwa kiganja, akanong'ona. Wote walishikilia pumzi. Balgobin alitazama ngazi. Mai alitazama sakafu.

Hakuna aliyeitika.

Ilibidi pandit aambiwe, aandike. Alikunja uso.

"Dukhnie? Mwenye majonzi? Mnamwita mtoto mzima, mwenye afya, jina la msiba?"

"Herufi ni ileile uliyotupa, Maharaj," Mai alisema. "Andika."

Akaandika.

Dukhnie alikua. Shuleni walimtania. Wasichana waliokuwa na majina ya miungu na maua walimwimbia wimbo, naye akarudi nyumbani siku moja ana miaka minane, akatupa mkoba.

"Mama, ulinichukia?"

Sumintra alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. "Nani kakwambia?"

"Jina lenyewe. Mwalimu mpya kaniuliza nani kafa nyumbani."

"Shangazi yako naye anasemaje?"

"Anasema bora jina baya mtu mzuri kuliko jina zuri mtu baya. Anasema yeye Phulbasie maana yake harufu ya maua, na nimnuse kwanza akitoka shambani."

Sumintra alitabasamu kidogo. Akatoa punje moja nyeusi, akaitupa. "Jina lako ni nguo mbovu," alisema. "Ukivaa nguo mbovu, mwizi anakupita. Nenda kanawe."

Hakueleza zaidi mpaka Dukhnie alipokuwa mtu mzima. Lakini tangu mwaka ule wa hamsini na saba, kila Oktoba, Mai alipeleka maziwa chini ya mlonge, na alipofanya hivyo alisema jina kwa sauti. Dularie. Hakuna aliyeitika tena. Mai alifariki mwaka sitini na nane. Katika siku zake za mwisho alimwomba Sumintra amchagulie majina manne kwa wale wake, na Sumintra akasema atamchagulia, lakini hawakujua herufi. Hakuna aliyekuwa ameandika saa zao. Mai alikufa wakiwa bado wanajadiliana.

Dukhnie aliolewa Februari 1976, akaenda kuishi na mumewe mjini, na kwa ajili ya cheti cha kuzaliwa ilibidi sanduku la bati lifunguliwe. Daftari la buluu lilikuwa chini ya karatasi zote. Sumintra ndiye aliyekuwa na ufunguo, na hakuwa amelifungua tangu mtoto akiwa mchanga. Alimwonyesha binti yake ule ukurasa na kumsimulia yote, mara moja, bila kupamba.

Alama sita zilikuwa zimefifia kabisa, vivuli tu, vidogo kama punje za dengu. Ya saba haikuwa imefifia. Wala haikuwa ndogo. Dukhnie, mwenye umri wa miaka kumi na minane, aliweka kidole chake cha shahada juu yake. Kililingana.

"Mama, hii ni ya mtoto wa miaka mitatu?"

"Ilikuwa," Sumintra alisema.

Mara ya mwisho alilifungua Oktoba 1979, peke yake, mchana, mpunga ukiwa umeanikwa kandokando ya barabara kama kawaida. Balgobin alikuwa shambani. Dukhnie alikuwa salama mjini, ana mtoto wa kiume anayetambaa, na barua yake ya juma lile ilikuwa mezani. Sumintra alitaka tu kuona.

Mbele ya jina Dularie alama ilikuwa pale, nyeusi, ya kidole cha mwanamke wa miaka ishirini na mitano, na mistari yake yote ilisomeka. Chini yake, kwenye mstari mtupu, kulikuwa na nyingine. Sumintra aliisogeza karibu na macho. Ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele. Bado ilikuwa mbichi, na mbele yake hakukuwa na jina.

Alikwenda kuitafuta penseli. Akairamba ncha, akaiweka kwenye karatasi. Uvunguni, kamba za bembea zilikuwa zinalia taratibu, zinakwenda na kurudi, kama vile mama anambembeleza mwanawe alale.

Akangoja kuambiwa herufi.